Jibu ni Kusoma: Historia Fupi ya Kutoleana Maoni katika Uandishi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika mazoezi ya ufundishaji huko Gihundwe, wilayani Rusizi, mwanafunzi mmoja wa kike aliandika insha ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu mama yake, mfanyabiashara mdogo aliyezoea kuvuka daraja la mto Rusizi kwenda kuuza bidhaa Bukavu na kurudi jioni. Tuliwapa wenzake wa darasani kazi ya kuisoma na kuandika maoni yao chini yake. Insha ilirudi ikiwa na maoni saba. Matano yalisema "nzuri sana" au "hongera, endelea hivyo hivyo". La sita lilikuwa alama ya vema tu. La saba liliandikwa kwa kalamu nyekundu: "Sarufi mbaya. Jifunze Kiswahili sanifu."

Wiki iliyofuata mwanafunzi yule hakuleta insha. Tulipomwuliza sababu, alisema amegundua kwamba Kiswahili anachokijua yeye si Kiswahili.

Ndugu wasomaji, kosa lilikuwa letu sisi walimu. Tuliwaambia wanafunzi "toeni maoni" kana kwamba kutoa maoni ni jambo ambalo kila mtu huzaliwa nalo. Hatukuwafundisha. Tuliporudi idarani tulijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: Je, watu wa Kiswahili wenyewe, katika karne mbili hizi, wamekuwa wakijibizanaje juu ya maandishi yao? Tuligundua kwamba wanafunzi wetu wanao urithi mkubwa katika jambo hili, ila hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Kwa nini Gihundwe

Kabla ya kwenda pwani, ni vizuri tueleze kidogo hali ya mahali penyewe. Gihundwe ni sekta mojawapo ya wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kabla ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 eneo hili lilikuwa katika mkoa wa Cyangugu, na wazee wengi bado hulitaja kwa jina hilo. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na Bukavu huonekana kwa macho kutoka vilimani.

Kiswahili kiliingia Rwanda kwa milango zaidi ya mmoja. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Rwanda ilikuwa sehemu ya koloni moja na Tanganyika, na Kiswahili kilikuwa lugha ya shughuli za serikali. Baada ya Wabelgiji kuingia mwaka 1916 kilirudi nyuma, kikabaki zaidi katika biashara, katika mitaa ya Waislamu, kambini na barabarani. Kwa muda mrefu watu wengi walikiona kuwa lugha ya wachuuzi na ya watu wasioaminika. Kisha hali ikabadilika: Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi Februari 2017 Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.

Lakini mlango wa Rusizi ni wa pekee. Hapa Kiswahili hakikungoja sheria. Kilivuka daraja pamoja na vikapu vya samaki na magunia ya unga. Ni Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambacho husema "mutoto" mahali pa "mtoto" na "niko nasoma" mahali pa "ninasoma". Mwanafunzi wa Gihundwe mara nyingi huja darasani akiwa tayari ana Kiswahili kinywani, jambo ambalo mwenzake wa wilaya nyingine huenda hana. Ni hazina. Kalamu ile nyekundu iliifanya iwe aibu.

Jibu kwa vina vilevile

Sasa twende Lamu na Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19. Mnamo mwaka 1812 hivi, majeshi ya Mombasa chini ya Mazrui na washirika wao wa Pate yalipigana na Waamu katika vita vinavyojulikana kama vita vya Shela au vya Kuduhu. Waamu walishinda. Kabla na baada ya mapigano hayo, washairi wa pande mbili walikuwa wakipelekeana mashairi. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, na upande wa Lamu alikuwapo Zahidi Mngumi. Mashairi hayo yalikusanywa na kutolewa kitabuni na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1995, kwa jina la Mashairi ya Vita vya Kuduhu.

Jambo la kuangaliwa hapa ni namna ya kujibu. Katika desturi ya malumbano, anayejibu hufungwa na aliyeanza. Kama aliyeanza ametunga beti za mishororo minne, jibu nalo huja kwa mishororo minne. Mara nyingi jibu hufuata hata vina vya shairi la kwanza, na neno lililokuwa silaha ya mmoja hugeuzwa na kurudishwa kwake likiwa na maana nyingine. Mtu hawezi kufanya hivyo bila kulisoma shairi la mwenzake mara nyingi. Ni lazima ajue mahali lilipo fumbo, ajue kwa nini neno fulani limewekwa mwisho wa mshororo na si katikati. Kwa maneno mengine, hata adui alisomwa kwa makini kuliko sisi tunavyosomana darasani kama marafiki.

Aidha, majibizano haya hayakuwa ya vita tu. Washairi walipeana mafumbo: mmoja hutunga shairi lenye kitendawili ndani yake, na wenzake hujaribu kulifumbua kwa ushairi. Aliyekosea huambiwa kwamba amekosea, lakini naye kwa ushairi, si kwa neno moja la kumnyamazisha. Muyaka, aliyefariki mnamo 1840, alitunga mengi ya mitaani kuhusu mapenzi, ukame, nyumba na rafiki asiyelipa deni. Mashairi hayo yaliishi katika kumbukumbu za watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumweleza mmisionari W. E. Taylor maana na mazingira yake. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Yaani hata kuokoka kwa Muyaka kulitegemea msomaji aliyekubali kukaa na kueleza.

Barua, shule na magazeti

Mwaka 1888 wamisionari wa UMCA huko Unguja walianza kuchapisha Msimulizi, gazeti la mwanzo la Kiswahili, katika shule yao ya Kiungani. Lilibeba habari kutoka vituo mbalimbali walikokuwa walimu waliosoma pale. Baadaye, chini ya Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ilitoa gazeti la Kiongozi, lililosomwa na kuandikiwa na walimu na makarani wa bara pia. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza huko Dar es Salaam ilianzisha Mambo Leo.

Ni kweli kwamba magazeti haya yalikuwa chini ya wakubwa wa kanisa na wa serikali, na si kila kitu kiliweza kusemwa. Hata hivyo yalifanya jambo ambalo halikuwapo kabla: mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, mbali na bahari, aliweza kuandika, kusomwa na kujibiwa na watu asiowajua. Kurasa za mashairi za Mambo Leo ziliwalea watunzi ambao leo majina yao yamo katika mitaala yetu, akiwamo Shaaban Robert. Huko mtunzi aliuliza swali kwa beti, na baada ya mwezi mmoja au miwili akaona jibu kutoka mji mwingine. Tunadhani kungoja kule kulikuwa na faida yake. Aliyengoja mwezi mzima kujibiwa alitaka jibu lenye uzito, na aliyejibu alijua kwamba anasomwa na nchi nzima.

Kamati na muhuri

Historia hii ina upande wa pili, na kalamu nyekundu ya Gihundwe imetoka huko. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubaliana kwamba lahaja ya Unguja mjini ndiyo iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha ile iliyofuata usanifu. Mwanzoni Kamati haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Baadaye hali ilibadilika, na Shaaban Robert mwenyewe akawa mjumbe.

Hatupendi kuilaumu Kamati kwa kila jambo. Bila usanifishaji huo isingekuwa rahisi kwa mwanafunzi wa Gihundwe na wa Tanga kusoma kitabu kimoja, na kamusi za Johnson za mwaka 1939 zilitusaidia sote. Lakini ni lazima tuone aina ya maoni yaliyozaliwa pale. Msomaji wa Kamati alitazama mswada na kuuliza swali moja kubwa: Je, hiki ni sanifu? Jibu lake lilikuwa ndiyo au hapana, pamoja na orodha ya masahihisho. Mwandishi hakuwa mtu wa kujibizana naye, alikuwa mtu wa kupitishwa au kukataliwa. Watu wa pwani, hasa wa Mombasa, walinung'unika kwamba lugha waliyoinyonya kwa mama zao inarudishwa kwao kutoka ofisini ikiwa imesahihishwa.

Yule mwanafunzi aliyeandika "sarufi mbaya" hakuwa mwovu. Alirithi muhuri wa Kamati bila kujua, akaugonga juu ya insha ya mwenzake. Alidhani hivyo ndivyo maoni ya kitaalamu yanavyotolewa, kwa kuwa huenda hajawahi kupata maoni ya aina nyingine.

Ubishi wa vina na mizani

Hali kadhalika tunapaswa kukumbuka ubishi mkubwa wa fasihi ya Kiswahili katika miaka ya 1970. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichoweka wazi kanuni za vina na mizani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata kanuni hizo. Wapo waliosema kwamba hayo si mashairi kabisa. Wapo waliosema kwamba kanuni zenyewe zilikuwa pingu. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walieleza msimamo wao katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), Jumanne Mayoka akaandika Mgogoro wa Ushairi (1984), na Ibrahim Noor Shariff akatoa Tungo Zetu (1988).

Tukiutazama ubishi huo leo tunaona maneno ya aina mbili. Yako yale ya kusema tu "hili si shairi", ambayo yanafanana sana na "hiki si Kiswahili". Hayo yamesahaulika, au yanakumbukwa kama kelele. Na yako yale ya watu waliorudi kwenye mashairi yenyewe, wakauliza mizani ilitoka wapi, ilikuwa na kazi gani wakati shairi lilipoimbwa, na nini kinapotea au kupatikana shairi linaposomwa kimya. Hayo ndiyo tunayoendelea kuyafundisha, hata pale tusipokubaliana nayo. Ubishi ulikuwa mkali, lakini wale waliobishana kwa kusoma wametuachia vitabu.

Mtu wa Mvita na mtu wa Ugogo

Tumeacha mwisho mfano ambao tungependa kila mwalimu wa Gihundwe aujue. Mwaka 1971 ilitolewa diwani ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, iliyotungwa kwa Kimvita cha Mombasa. Aliyeihariri na kuiandikia utangulizi ni Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtaalamu wa hukohuko Mombasa. Chiraghdin angeweza kuyavuta maneno ya mshairi yaelekee usanifu wa vitabu. Badala yake alimsogeza msomaji kwa mshairi, akaeleza. Neno la Kimvita lilibaki mahali pake, na mtu wa bara akapata njia ya kulifikia.

Chiraghdin huyo aliandika Historia ya Kiswahili pamoja na Mathias Mnyampala. Mnyampala hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyekipata Kiswahili kama lugha ya pili, akawa mshairi mashuhuri na kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi Tanzania. Yeye ndiye aliyeeneza ngonjera, ushairi wa mazungumzo ambamo wahusika hupingana kwa zamu, hoja kwa hoja, na aghalabu huishia katika kuelewana. Mnyampala alifariki mwaka 1969 na Chiraghdin mwaka 1976. Kitabu chao kilitoka mwaka 1977, wote wawili wakiwa wamekwishatangulia.

Tunapowaonyesha wanafunzi jalada la kitabu hicho huwaambia waangalie majina yale mawili. Mmoja alizaliwa ndani ya lugha, mwingine aliifuata. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba Kiswahili chake si Kiswahili. Wangesemezana hivyo, kitabu kisingekuwapo.

Yale tuliyoyajaribu

Tulirudi darasani Gihundwe na taratibu nne, ambazo zote tumezitoa katika historia hii.

Kwanza, kama mlumbi anavyochukua vina vya mwenzake, anayetoa maoni aanze kwa kutaja kitu kimoja kilichomo ndani ya insha, kwa maneno yanayoonyesha kwamba amesoma. "Nzuri sana" huweza kuandikwa chini ya insha yoyote duniani, hata ambayo haijafunguliwa.

Pili, kama mfumbuaji wa fumbo, aulize swali moja ambalo kweli halijui jibu lake.

Tatu, kama Chiraghdin, akikuta neno au muundo usio sanifu, aulize kwanza unatoka wapi na unasema nini kwao, kisha ndipo aeleze kwamba katika mtihani huandikwa vingine. Kusahihisha kubaki, maana wanafunzi hawa watafanya mitihani na wengine watakuwa walimu, na kuwaficha usanifu ni kuwadhulumu. Lakini sahihisho moja lililoelezwa hukaa kichwani kuliko 10 yaliyopigwa mstari tu.

Nne, kama katika ngonjera, aliyeandika apewe zamu ya kujibu. Maoni yasiyoweza kujibiwa ni hukumu.

Tulimwomba yule mwanafunzi ruhusa ya kuisoma tena insha yake, naye baada ya kusita akakubali. Safari hii mwenzake mmoja aliandika hivi: "Umesema mama huhesabu fedha mara mbili, kwanza akiwa ng'ambo na tena akifika nyumbani. Kwa nini mara mbili? Mimi nilidhani ni kwa sababu ya fedha za nchi mbili." Chini yake aliongeza: "Umeandika 'niko namungojea'. Nyumbani nasi tunasema hivyo. Katika sanifu ni 'ninamngojea', lakini mimi naona 'niko' inaonyesha umesimama palepale."

Jibu la mwandishi lilikuwa fupi. Aliandika kwamba mara ya kwanza mama anahesabia wale anaowadai na wanaomdai, na mara ya pili anahesabia watoto. Kisha, bila kuagizwa na mtu, akaandika ukurasa mwingine mzima kuhusu jioni hizo za kuhesabu. "Niko" aliiacha katika maneno ya mama, na kwingine kote akaandika sanifu. Hatukumfundisha hilo. Aliligundua kwa kujibu.

Hitimisho

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwandishi naye hajioni kisogo, huhitaji jicho la mwenzake. Tumejaribu kuonyesha kwamba jicho hilo lina historia ndefu katika Kiswahili, kuanzia washairi wa Kuduhu waliosomana kama maadui, hadi Chiraghdin na Mnyampala waliosomana kama ndugu. Tumeonyesha pia kwamba upo urithi wa muhuri, nao tunaubeba hata pasipo kujua.

Tungependa kusikia kutoka kwa walimu wa shule nyingine, za Rwanda na za nchi jirani, jinsi wanavyowafundisha wanafunzi kusomana. Wasiokubaliana nasi tunawakaribisha zaidi. Tunaomba jambo moja tu: kabla ya kutujibu, mtusome.